Hakuna Aliyesema Achia

Ulitazama pembeni. Usinikatalie, nilikuona. Puto lilipopaa tena huku mtu mmoja akining'inia ubavuni mwa kapu kama koti lililosahauliwa kwenye msumari, wewe uliinama ukajidai unafunga kamba ya kiatu. Mwenzako akawasha sigara. Yule wa kikosi cha puto la zambarau aliingia garini mwake akaongeza sauti ya redio. Barabara ile ya mizabibu chini ya kijiji cha Çavuşin ilijaa watu asubuhi ile, na leo ukiwauliza, wote walikuwa wanatazama upande wa ngome ya Uçhisar, kama vile imejengwa juzi.

Basi nitakusimulia mwenyewe, tangu mwanzo, taratibu. Ukiona nimekosea mahali, nikatize. Angalau utakuwa umefungua mdomo.

Mimi ndiye ninayeendesha pikapu inayovuta trela. Kwingineko duniani puto la hewa moto hutua shambani, kapu likalala ubavu, abiria wakatoka wakitambaa na kucheka. Hapa kwetu rubani anayetua kwenye udongo husemwa hadi jioni katika kila kibanda cha chai. Sisi tunaliweka kapu juu ya trela, sawasawa, kama glasi juu ya kisahani chake. Abiria wanapiga makofi. Rubani anavua kofia. Picha zinapigwa, na mwakani wanakuja binamu zao.

Lakini kapu halipandi kwenye trela lenyewe. Linapokuja usawa wa kifua, watu sita wanalikimbilia, wanadaka vishikio vya kamba vilivyo ubavuni, wanajining'iniza kwa uzito wao wote na kulivuta. Ni nyama na mifupa ya watu sita dhidi ya upepo. Na kanuni iko moja, hata wewe unaijua: ukiona miguu inapoteza ardhi, unaachia. Na mnaachia pamoja, kwa neno la kiongozi wa kikosi. "Achia!" Basi. Kwa sababu akiachia mmoja peke yake, puto limepungukiwa na uzito wa mtu mzima, na waliobaki wanapanda mbio zaidi. Neno ni la wote au halina maana.

Hayo ndiyo tunayowaambia wakaguzi kutoka Ankara wanapokuja. Tusichowaambia ni habari ya mtandio.

Mtandio ni mwekundu, una maua ya njano, na hakuna anayekumbuka ulikuwa wa mama wa nani. Unakaa kwenye kisanduku cha pikapu yangu, mbele ya kiti cha abiria. Anayeachia wa kwanza anafungwa mtandio kichwani wakati wa kifungua kinywa, anamimina chai ya kikosi kizima na kuitika kila anapoitwa bibi harusi. Abiria wanaupenda mchezo huo kuliko miamba waliyokuja kuitazama. Tarık Bey, mwenye kampuni, alicheka hadi akajifuta machozi, akaagiza picha zake ziwekwe kwenye tangazo. Sasa niambie wewe unayejua kanuni: nani ataachia? Na ni kiongozi gani atapiga kelele ya "Achia!" wakati kupiga kelele ni kukiri kwamba yeye ndiye aliyeogopa kabla ya wote? Neno lile mimi nimelisikia kwenye mafunzo, na kwenye harusi watu wakikejeliana. Wakati wa kutua sikuwahi kulisikia.

Kumbukumbu yangu ni ndefu, ndiyo maana hamnipendi. Nakumbuka mwaka kapu lilipoburuzwa katikati ya maboga, mama mmoja wa Korea akavunjika nyonga, na sisi tukaambiwa tuseme ni kutua kwa kishindo kidogo. Nakumbuka Halis, ambaye mkono wake ulibaki kati ya kapu na ubavu wa trela. Sasa anauza mbegu za maboga kwa mkono wa kushoto, na tunamtania kwamba anapunja. Naye anacheka, afanyeje? Hatukuyasahau hayo. Tuliyapa majina mepesi ili tuweze kuyabeba.

Kiongozi wa kikosi chetu ni Seyfettin. Wote tunamwita Fundi Seyfi. Mtu wa maneno machache, viganja kama majembe, aliyeanza kazi hii mapato ya zabibu yalipokuwa hayatoshi hata kulipa maji. Dada yake mdogo, Gülizar, ameolewa na Bünyamin, na Fundi Seyfi ndiye aliyemleta Bünyamin kikosini. Bünyamin yeye alikuwa kinyume chake: mdomo wake haukupumzika. Hata akivuta kamba alikuwa anasimulia.

Wiki moja kabla ya siku ile, kapu lilitikisika wakati wa kutua, Bünyamin akaachia. Aliachia vizuri, kama kanuni inavyosema, miguu ilipoanza kupoteza ardhi. Na bila shaka akavishwa mtandio. Fundi Seyfi mwenyewe ndiye aliyemfunga.

"Kaza, shemeji," Bünyamin akasema, "usiniachie nywele nje, mimi mke wa mtu."

"Bibi harusi, chai yangu haina sukari!" akaita mmoja.

"Sukari kamuombe mama yako, hapa ni ukweni."

Abiria walijishika mbavu. Kaptan Orçun, rubani wetu, akamwinua kwa mkono akamzungusha kama wanaocheza. Bünyamin alicheka kuliko wote. Lakini mimi nilikuwa karibu naye alipokuja kuurudisha mtandio kwenye kisanduku, na akasema, bila kucheka, "Picha hii Gülizar ataiona. Na mwanangu ataiona shuleni." Akafunga kisanduku kwa goti. "Safari nyingine hata nikifika mwezini, siachii."

Nilimwambia aache ujinga. Akaniambia, "Wewe Davut unakaa kwenye usukani, utajuaje?"

Asubuhi yenyewe kulikuwa na ukungu. Ruhusa ya kuruka ilichelewa, na ilipokuja jua lilikuwa limeshachomoza. Unajua maana yake. Jua likipasha mabonde, upepo unaamka, na kutua kunakuwa kazi nyingine. Tukawa tumeegesha barabara ya mizabibu, vikosi vyote tumejipanga, nyinyi mbele yetu na nyinyi wengine nyuma yetu. Watu wa Mzee Rıfat walikuwa wanavuna zabibu pembeni pale, na harufu ya zabibu zinazochemshwa ilikuwa imefunika kijiji kizima.

Redio ya mkononi ya Fundi Seyfi ikakoroma. Alikuwa Kaptan Orçun, juu ya vichwa vyetu, na nyuma ya sauti yake abiria walikuwa wanaimba.

"Seyfi, nakuja barabarani. Niwekee trela iangalie Avanos."

Fundi Seyfi akatazama vumbi lilivyokuwa linakimbia chini. Upande ule wa Avanos kuna nguzo za umeme. "Kaptan, upepo umeamka. Tua shambani."

"Shambani kwa Rıfat, na zabibu bado ziko mtini? Atanifukuza na panga hadi Nevşehir."

"Upepo umeamka, Kaptan."

"Wewe umezeeka, Seyfi. Nipe trela."

Fundi Seyfi alinitazama. Nilidhani atasema neno. Akasema, "Rudisha nyuma kidogo." Nikarudisha.

Puto likaja chini kwa kasi, likiteleza pembeni. Watu sita wakalidaka. Mimi nilikuwa nawaona kwenye kioo cha pembeni: Fundi Seyfi kona ya nyuma, Bünyamin karibu naye, bega kwa bega, wengine upande wa pili. Kapu likagusa ukingo wa trela, likaruka. Likagusa tena. Abiria wakapiga ukelele wa furaha, simu zao zote ziko nje. Hapo upepo ukalisukuma puto zima kuelekea kwenye nyaya, na Kaptan Orçun akafanya jambo pekee ambalo rubani anaweza kufanya: akafungua moto. Moto ule ukinguruma, puto linapanda. Hakuna mjadala.

Miguu yao ikatoka ardhini. Kipimo cha goti tu. Hapo ndipo pa kusema neno.

Niliona viganja vya Fundi Seyfi vikifunguka. Aliteleza kimya kimya, akatua kwa visigino, akajishika kwenye trela, na kwa kuwa mikono ilitaka kazi akaanza kukaza mnyororo ambao haukuhitaji kukazwa. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Kapu likaruka juu zaidi. Wa pili akaanguka, na wa tatu, na wale wengine wakadondoka mmoja baada ya mwingine kama matunda mabovu, na kila aliyeanguka alimpandisha aliyebaki. Aliyebaki alikuwa Bünyamin. Alikuwa ameshika kishikio kwa mikono miwili, anatazama mbele, taya limekazwa. Rubani hakuweza kumwona, kapu lilimficha. Wale abiria waliomwona walidhani ni sehemu ya mchezo. Mama mmoja alikuwa anamcheka na kumpungia.

Puto lilizivuka nyaya. Yeye pia alizivuka, alikunja magoti akazivuka. Halafu mikono ikachoka.

Aliyefika kwanza ni Mzee Rıfat, yule yule wa panga. Alivua koti akamfunika, akapiga magoti kwenye zabibu zilizopondeka akamshika kichwa kisigeuke. Alitutukana wote, rubani, kikosi, kampuni, mama zetu, na muda wote huo kiganja chake kilikuwa kimetulia chini ya shingo ya Bünyamin kama anabeba yai. Wewe wakati huo ulikuwa umefika kwenye kamba ya kiatu cha pili.

Tarık Bey aliwahi kuja kabla gari la wagonjwa halijaondoka. Alimshika Fundi Seyfi bega.

"Ulipiga kelele, sivyo? Wewe ni mtu wa miaka mingi, bila shaka ulipiga kelele."

Kichwa cha Fundi Seyfi kikainama. Mimi sijui kama ilikuwa ndiyo au kilikuwa kizito tu. Tarık Bey aliichukua kuwa ndiyo. Na askari walipouliza, neno lilikuwa tayari limeandaliwa: "Nilipiga kelele. Hakusikia." Mimi niliwaambia askari nilichokiona kwenye kioo. Wakanijibu kwamba vioo vya pembeni hudanganya, na kwamba mimi nina maneno mengi tangu enzi za maboga.

Kesho yake alfajiri tuliruka. Unashangaa nini? Nawe uliruka.

Fundi Seyfi alikuja kazini, lakini hakukaa tena nasi kula. Sisi tukiwa kwenye mkate na jibini, yeye alikuwa anaosha trela. Alisugua ule ukingo hadi rangi ikatoka. Baada ya kazi alikwenda shambani kwa dada yake, akavuna zabibu zake zote, akazikanyaga, akakaa kando ya sufuria kubwa akikoroga asali ya zabibu hadi macho yakavimba kwa moshi. Akatengeneza lango lililokuwa limelegea. Akapasua kuni za majira mawili ya baridi. Gülizar alikuwa anasema mbele ya majirani, "Mungu amzidishie umri kaka yangu, sijui ningefanyaje." Na kila alipobarikiwa hivyo, Fundi Seyfi alikuwa anatafuta kazi nyingine ya kufanya, iliyo mbali na sauti yake.

Nikampeleka Kayseri, hospitali alikolazwa Bünyamin. Alikuwa ameahirisha mara kadhaa: leo gari, kesho tumbo. Safari hii nilifungua mlango nikamwambia, "Ingia."

Bünyamin alikuwa amelala bila mto, akitazama dari. Kuanzia kiunoni kwenda chini mwili ulikuwa umenyamaza. Mdomo ulikuwa bado hai.

"Karibu shemeji! Keti. Si hapo, hapo nimeweka miguu. Au keti tu, haitajali."

Fundi Seyfi akaketi kwenye kiti. Kulikuwa na tufaha kwenye sahani, akalichukua akaanza kulimenya kwa kisu chake.

"Nimewaaibisha," Bünyamin akasema. "Nimekuharibia kikosi."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Wewe ulipiga kelele, mimi sikusikia. Nimelala hapa nafikiria, nafikiria. Tulikuwa bega kwa bega, shemeji. Moto niliusikia. Yule mama akicheka nilimsikia. Hata mkanda wa Orçun ukigonga kapu niliusikia. Wewe sikukusikia. Inawezekanaje?"

Kisu kiliendelea kuzunguka tufaha.

"Daktari anasema kichwa kikigongwa mtu husahau vitu. Basi ni hivyo. Nimesahau." Akapumua kwa pua. "Nisamehe. Nikiulizwa na wakaguzi nitasema ulipiga kelele, usiwe na wasiwasi. Ukiondolewa wewe kazini, Gülizar na mtoto watamtazama nani?"

Fundi Seyfi alimenya tufaha lile, akamaliza ganda, akaendelea kumenya nyama yake, hadi mkononi likabaki kokwa na maji. Muuguzi akaja na kutuambia muda wa wageni umekwisha.

Wakati wa kurudi, tulikuwa tumeshapita njia panda, mlima umebaki nyuma, alipoongea.

"Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza."

"Najua," nikamwambia. "Niliwaambia askari."

"Walisemaje?"

"Walisema nina maneno mengi."

Akafikicha uso kwa viganja vyote viwili. "Neno lilikuwa hapa, Davut. Hapa kooni. Nikafikiri, nikilisema, watajua ni mimi. Nikasema moyoni, ngoja nishuke polepole, atakayefuata ndiye atakayeonekana. Mtu mzima. Nina wajukuu. Nilimtazama shemeji yangu pembeni nikasema moyoni, yeye ameshauzoea mtandio."

Nikabadili gia. Kuna maneno ukiyajibu unamsaidia mtu kuyapumua, na mimi sikutaka kumsaidia.

Kampuni ilikuwa imeshatoa kauli yake: mfanyakazi alipuuza amri ya kiongozi wake. Kauli hiyo ikisimama, Bünyamin ndiye aliyejiangusha. Matibabu si ya kampuni, kiti cha magurudumu si cha kampuni, na jina lake litatajwa kwenye mafunzo ya vijana wapya kama mfano wa mjinga aliyeng'ang'ania. Wakaguzi wakaja kutoka Ankara, wakapewa ukumbi wa harusi wa manispaa, wenye maua yake ya karatasi na kitambaa cha waridi ukutani.

Asubuhi ya kikao, Fundi Seyfi alipita kwanza kwa dada yake. Wanawake walikuwa wamewasha tanuri la shimoni, wanaoka mkate wa majira ya baridi. Gülizar alikuwa ameinama, anabandika donge la unga kwenye ukuta wa moto. Kaka yake akamwambia pale pale, mbele ya wote, akiwa amesimama na kofia mkononi. Alisema yote: viganja, kimya, mnyororo, mtandio.

Gülizar alibandika donge lililokuwa mkononi. Akachukua lingine, akalitandaza, nalo akalibandika.

"Kwa hiyo zabibu zangu ulizivuna kwa ajili hiyo," akasema.

"Dada..."

"Na kuni."

"Nisikilize."

"Nilikuwa nakubariki, kaka. Kila swala. Nirudishie baraka zangu." Akainuka, uso mwekundu kwa joto, mikono myeupe kwa unga. "Mume wangu analala anajigonga masikio kwa ngumi usiku kucha, manesi wamenieleza. Anaamini yameharibika. Wewe ulikaa kwenye kiti chake ukala tufaha lake."

"Sikula."

"Ulilimenya!"

Wanawake wengine waliangalia chini. Fundi Seyfi alianza kulia, na alilia vibaya, kama mtu asiyejua kulia kunafanywaje.

"Usinililie hapa, unalowesha unga," Gülizar akasema. "Mimi si mkaguzi. Waliokuja kukusikiliza wako ukumbini."

Akaenda. Nilimfuata kwa gari polepole, alikataa kupanda.

Ulikuwepo ukumbini, kwa hiyo hapa nitafupisha. Mkaguzi mkuu, yule mama mwenye miwani, alimuuliza kama anathibitisha aliyowaambia askari.

"Hapana. Sikupiga kelele."

"Ulisema ulipiga."

"Niliongopa."

"Kwa nini hukupiga?"

"Kwa sababu ya mtandio."

Yule mama akavua miwani. Fundi Seyfi akaeleza. Nani aliyecheka kule nyuma, unamjua, nami namjua. Mkaguzi hakucheka. Aliuliza, "Mtu aliyefuata kanuni alikuwa anaadhibiwa?" na Fundi Seyfi akajibu, "Na mimi ndiye niliyemfunga."

Tarık Bey akasimama, mpole, suti yake imepigwa pasi. "Mheshimiwa, huyu ni kaka wa mke wa majeruhi. Anataka kumsaidia dada yake. Ni jambo la kibinadamu, hata mimi naguswa. Lakini alishasema ukweli siku ya kwanza." Kaptan Orçun alipoulizwa, alisema alisikia sauti. Sauti gani? Sauti tu. Alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe, maana naye ana safari zake za kesho.

Wakampigia Bünyamin simu hospitali, wakaiweka sauti isikike ukumbini kote.

"Shemeji yangu alipiga kelele," Bünyamin akasema. "Tatizo ni masikio yangu."

"Bünyamin!" Fundi Seyfi akaruka. "Sikupiga! Masikio yako ni mazima, ndugu yangu, sikusema kitu!"

Kukawa na mkwaruzo kwenye simu. Kisha ile sauti, ya chini, kama anaongea na mtoto: "Usijitoe kwa ajili yangu, shemeji. Una familia. Kaa chini."

Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Mwongo anasema kweli, haaminiki. Mwenye haki anamtetea aliyemwangusha, anaaminika. Mkaguzi akageuka akauliza ukumbi mzima: kuna mtu mwingine aliyekuwa kwenye barabara ile? Aliyekuwa karibu? Ukumbi wenye vikosi vinne ndani yake. Nilisikia viti vikilia. Mzee Rıfat alisimama, akasema yeye alikuwa kwenye safu ya mbali na sikio lake moja halifanyi kazi, lakini kama lingefanya, angesema. Akaketi kwa kishindo. Wewe ulikuwa unahesabu maua ya karatasi.

Fundi Seyfi hajatoka mle ndani. Wamekatiza kikao wapate chakula, yeye amebaki kwenye kiti kile kile, mikono imelala mapajani, viganja juu. Gülizar amekuja na kusimama mlangoni na unga wake. Hajamsemesha, lakini hajaondoka.

Sasa sikiliza. Simwombi mtu amshtaki rubani wake. Sikuulizi nani aliachia wa kwanza wala wa pili. Hutakiwi kuwa shujaa, wala msomi, wala ndugu wa mtu. Ulikuwa umbali wa kutupa jiwe, ulisikia moto, ulisikia abiria wakishangilia, na baina ya hivyo viwili hukusikia mtu akisema achia. Hilo tu. Lina urefu wa pumzi moja. Likisemwa na mtu mmoja asiye wa kikosi chetu, Bünyamin atapata kutibiwa, na atajua kwamba masikio yake hayana kosa. Lisiposemwa, kesho alfajiri utashika kishikio chako, upepo utaamka, na utamtazama kiongozi wako usoni ukisubiri neno ambalo wewe mwenyewe ulilizika.

Wakaguzi wanakunywa chai ya mwisho. Wakimaliza wanafunga mafaili yao wanarudi Ankara. Ukumbi uko ng'ambo ya barabara, mlango uko wazi, nauona kutoka hapa kwenye kibanda cha chai. Weka chini hicho ulichoshika. Usimsubiri mwenzako ainuke kwanza, naye anakusubiri wewe.

Inuka. Vuka. Kaseme.